Ramani isiyobadilika

Mhariri,

Habari yenu kuhusu kongamano la wasanifu majengo waliokutana hotelini kujadili mahitaji ya jamii nimeisoma hadi mwisho nikitafuta neno moja tu, joto, nisilione. Nimelisoma gazeti hili tangu nikiwa kazini bila kuwaandikia, ila hili limenishinda kulinyamazia.

Wanachokitafuta hotelini kilikwisha kupatikana kijijini. Mwaka 2001, huko Gando, Burkina Faso, ilikamilika shule ya msingi aliyoichora Francis Kéré akiwa bado mwanafunzi mjini Berlin, na wanakijiji wakaijenga kwa mikono yao. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo, dari ni ya matofali yenye matundu, na bati limeinuliwa juu yake kwa kenchi za nondo ili hewa ya moto ipate pa kutokea. Kéré alipewa Tuzo ya Aga Khan ya usanifu majengo mwaka 2004, na ya Pritzker, nayo ya usanifu majengo, mwaka 2022.

Nilipokuwa kwenye kamati ya ujenzi ya shule niliyofundisha, niliomba bati liinuliwe na dari iwekwe. Nikajibiwa kwamba ramani imetoka juu, haibadilishwi. Haikupita muda, ramani hiyo hiyo isiyobadilika ikabadilishwa: dari ikafutwa ili kubana matumizi, na jiwe la uzinduzi la marumaru likaongezwa. Saa nane mchana watoto husinzia juu ya madaftari, na mvua ikinyesha mwalimu huweka chaki chini akasubiri, maana hata akipaza sauti hasikiki. Kisha matokeo yakiwa mabaya anayeitwa kujieleza ni mwalimu, wala si aliyeifuta dari.

Zahanati nazo ni yale yale. Hospitali ya Butaro, Rwanda, iliyofunguliwa mwaka 2011, ina baraza za nje badala ya korido zilizofungwa, ili kifua kikuu kisienee kwa hewa. Kwetu mwenye kikohozi na mjamzito hubanana kwenye korido moja isiyo na dirisha.

Napendekeza kongamano lijalo lifanyike mwezi Februari, saa saba hadi saa kumi alasiri, katika darasa lisilo na dari, washiriki wakiwa na suti na tai, watatu kwa kila dawati. Wakimaliza wapewe mtihani wa hisabati wa darasa la saba, nanyi mchapishe matokeo yao ukurasa wa mbele.

Mwalimu mstaafu,
Dodoma