Risala ya Klabu ya Sayansi kwa Mgeni Rasmi: Umeme Kutoka kwa Unyevu wa Hewa

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu wapendwa, wazazi na wanafunzi wenzetu, asalaam aleikum na hamjambo nyote.

Sisi wanachama wa klabu ya sayansi tunakukaribisha kwa furaha kubwa katika maonyesho yetu ya mwaka huu. Ahsante kwa kuitikia mwaliko wetu. Karibu sana.

Mheshimiwa, jikoni kwa mama zetu hapa Mombasa hakukosi kikopo cha chumvi kilichotiwa punje za mchele. Chumvi ikiachwa wazi usiku mmoja wakati wa kusi, asubuhi utaikuta imeloa. Unyevu huo huo hufurisha milango ya mbao Mji wa Kale, hutia koga viatu kabatini na hula mabati yetu kwa kutu. Tumeulaumu miaka yote. Mwaka huu tuliamua kuuchunguza: je, unaweza kuchaji betri?

Mwaka 2022 watafiti wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Singapore, wakiongozwa na Tan Swee Ching, walieleza kifaa chao cha kitambaa chembamba cha milimita 0.3. Kitambaa hicho hupakwa wino wa kaboni, kisha upande mmoja hutiwa jeli yenye chumvi ya bahari. Jeli huvuta maji hewani, ikaweza kubeba zaidi ya mara sita ya uzito wake. Upande mmoja hukaa umeloa, wa pili hukaa mkavu, na hapo ndipo umeme unapozaliwa. Chumvi ikipata maji, ioni zake, yaani chembe ndogo mno zenye chaji ya umeme, huachana. Zile zenye chaji chanya hunaswa na chembe za kaboni zenye chaji hasi, na tofauti hutokea baina ya upande mbichi na ule mkavu. Hewa ikiendelea kuwa na unyevu, tofauti hiyo hudumu kwa muda mrefu. Kipande kimoja kilitoa volti 0.7 kwa zaidi ya saa 150. Vipande vitatu vilivyounganishwa vilifika volti 1.96, ilhali jiwe la kawaida la tochi lina takriban volti 1.5.

Kule Marekani, katika Chuo Kikuu cha Massachusetts Amherst, watafiti Jun Yao na Derek Lovley walipita njia nyingine. Mwaka 2020 walitumia nyuzi ndogo mno za protini zinazotengenezwa na bakteria aitwaye Geobacter, wakapata karibu nusu volti kutoka kwa unyevu wa hewa peke yake. Mwaka 2023 kundi la Yao lilionyesha kuwa si lazima nyuzi hizo. Vitu vingi hufaa, mradi viwe na vitundu visivyozidi nanomita 100, yaani milimita moja iliyogawanywa mara elfu kumi.

Hatutaki kukudanganya, Mheshimiwa. Umeme huu bado ni haba. Hauwezi kuzungusha feni, sembuse friji. Kazi yake kwa sasa ni vifaa vidogo, kama vile vipima joto na vihisi vya kuvaliwa mwilini. Lakini stima yenyewe iliingia kisiwani kwetu kwa hatua ndogo. Mwaka 1908 mfanyabiashara wa Mombasa, Harrali Esmailjee Jeevanjee, alichukua jenereta iliyokuwa imenunuliwa na Sultani Barghash mwaka 1875 kuwashia taa kasri lake Unguja. Kutokana na mashine hiyo kuukuu ikazaliwa kampuni ya kwanza ya umeme mjini humu.

Sasa kuhusu kazi yetu. Tulichukua kitambaa cha pamba, masizi ya mkaa yaliyochanganywa na gundi, chumvi ya bahari, na zile chembe za ndani ya nepi za watoto ambazo hufyonza maji zikawa jeli. Mara ya kwanza tulibana ncha moja kwa waya wa shaba na ya pili kwa msumari wa zinki. Mita ya kupimia volti ikapanda, tukapiga makofi darasa zima. Mwalimu wetu akauliza swali moja tu: umeme huu unatoka hewani, au ni msumari unaoliwa? Tuliuangalia msumari siku ya tatu, ukawa umechubuka. Tulikuwa tumetengeneza betri ya mwanasayansi Volta wa Italia, ya mwaka 1800, ambayo hutumia metali mbili na maji ya chumvi.

Tulianza upya. Safari hii ncha zote mbili tulizishika kwa vijiti vya kaboni tulivyotoa katika mawe ya redio yaliyokwisha. Volti zikashuka, zikabaki kidogo sana. Hizo kidogo tunazithamini kuliko zile za kwanza, kwa sababu hapakuwa tena na metali ya kuliwa. Na tulipofunika kitambaa ndani ya mkebe mkavu, zilipungua. Tulipofunua, zikaanza kurudi.

Mheshimiwa, hapa ndipo tulipokwama. Tuna mita moja ya kuazima, na hatuna kipima unyevu. Tunataka kupima kila asubuhi na kila jioni, kusi mpaka kaskazi, tuone hewa yetu inatoa nini majira yote. Tunaomba mita mbili, kipima unyevu kimoja, na utusaidie kufika kwa wahadhiri wa Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Mombasa, pale Tudor, ili waikague kazi yetu na kutuonyesha makosa tusiyoyaona.

Kwenye meza iliyo karibu na dirisha kuna mkebe uliofungwa. Ndani yake kuna kitambaa chetu, na chini yake mchele tulioukausha kwenye sufuria jana usiku. Waya mbili zinatoka nje hadi kwenye mita. Tunakuomba uje uondoe kifuniko kwa mkono wako, kisha ukae nasi dakika chache tuitazame mita pamoja.

Ahsante sana.

Ni sisi wanachama wa klabu ya sayansi.