Pedi ya kwanza ni yako

Mkomani, Lamu
Januari 2026

Ndugu yangu Shee,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Waama baada ya salamu, huku sote tu wazima. Mamako nilimpitia jana baada ya alasiri. Goti linamsumbua kidogo, lakini alikuwa amepika mkate wa kumimina na robo nzima nimerudi nayo nyumbani. Amesema usiwe unampigia Ijumaa tu.

Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu maneno ni mengi, na kwenye simu kila tukianza unaitwa kazini. Soma taratibu ukiwa umepumzika, kisha unijibu.

Ni habari ya ile gemu mpya, GTA VI. Tarehe ni 19 Novemba mwaka huu, siku ya Alhamisi. Najua, si tarehe ya kwanza. Rockstar, wanaoitengeneza, walisema 2025, tukangoja. Mei mwaka jana wakasogeza hadi 26 Mei 2026, nikapiga hesabu nikaona inakaribiana na Idi ya kuchinja, nikasema alhamdulillahi, Shee atakuwa nyumbani. Ilipofika Novemba wakasogeza tena. Vijana wa barazani siku ile walihamaki, mmoja akaapa kwamba hata ikitoka hataigusa. Mimi sikuhamaki. Chombo ambacho hakijakwisha kukalafatiwa hakishushwi majini kwa sababu abiria wana haraka.

Unalikumbuka banda la gemu la Langoni, lile la chumba kimoja nyuma ya duka la nazi? Mashine mbili za gemu, PS2, televisheni mbili zenye mgongo mkubwa, shilingi kumi kwa robo saa. San Andreas, GTA ya wakati ule, ilikuwa imetoka 2004, kwetu ikafika baadaye sana, tena ikafika bila memori kadi. Kila siku ilibidi tuanze mwanzo: CJ, yule tunayemchezesha, anashuka kwenye ndege, polisi wanamsimamisha, wanamtupa mtaa wa maadui, anachukua baiskeli. Kesho yake baiskeli. Kesho kutwa baiskeli. Zile misheni za mwanzo tulizijua kama alifu na be. Halafu wewe ukabeba mizigo jetini likizo nzima, ukanunua kadi ya megabaiti 8, mamako akakushonea mfuko wa ndani kwenye kanzu ili isipotee. Siku tuliyoichomeka, tukawasha, tukajikuta palepale tulipoachia jana, ulinishika mkono na mkono wako ukawa unatetemeka. Nimeona mambo mengi tangu hapo, lakini furaha ya namna ile sijaiona mara nyingi.

GTA V ilipotoka, 17 Septemba 2013, ulikuwa umeshavuka Mokowe, upande wa bara, na begi lako. Niliicheza mwaka mmoja baadaye kwenye PS3 ya watu, na kila nilipopanda boti mle ndani nilitaka kugeuka nikuonyeshe. Ulipokuja Maulidi tukakaa Mkunguni, mbele ya ngome, tukaahidiana: itakayofuata tutaianza pamoja. Shee, ahadi ile mimi sijaiweka pembeni hata siku moja.

Trela ya kwanza, Desemba 2023, ilipangwa itoke jioni kwa saa zetu. Ikavuja, na wenyewe wakaiachia usiku wa manane wa kuamkia siku yake. Nilikuwa macho. Zaidi ya watu milioni 90 waliitazama ndani ya siku moja, na mimi mmojawao, chini ya chandarua, sauti nimeizima nisimwamshe mtoto. Mengine unayajua: jimbo la kubuni la Leonida lililoigwa Florida, Vice City iliyoigwa Miami, na wahusika wake wawili, Lucia tunayemkuta gerezani, na Jason mwenzake. Lakini ninachotaka ukitazame ni maji. Florida nayo ni nchi ya visiwa vidogo, vinamasi na mikoko, mikoko yenye mizizi iliyosimama juu ya tope kama hii yetu. Boti ilipopita nilisimamisha picha, nikaisogeza kidogo kidogo, nikatazama lile povu la nyuma linavyofunguka na kupotelea pembeni. Asubuhi nikampelekea baba. Unamjua, nahodha wa miaka arobaini, hana habari na gemu. Akaitazama mara mbili, akaniuliza, "Hapa ni wapi?" Nikamwambia si mahali, ni kazi ya kompyuta. Akanirudishia simu, akasema, "Basi aliyeifanya amekaa kwenye maji."

Matayarisho sasa. Banda langu la gemu lina PS4 tatu, na gemu hii haitokei kwenye PS4. Itatoka kwa PS5 na Xbox Series X na S tu. Kwa hivyo tangu Ramadhani iliyopita nimekuwa nikitia shilingi mia mbili kila siku kwenye kopo la maziwa ya unga. Mwezi uliopita nikanunua PS5 ya mkono wa pili kwa elfu 58, yenye mahali pa kutia CD. Ilikuja na basi hadi Mokowe, ikavuka juu ya mapaja yangu, na kutoka jetini nikaibeba mwenyewe. Hamali wangu wa siku zote aliniona nikipita, akanifungulia njia kwa kuwasogeza punda wake.

Nilikosea kwenye diski. Nilinunua diski ya nje ya terabaiti 1, ya kuchomeka kwa waya, nikidhani gemu zote nitazimwaga humo. Kumbe gemu za PS5 unaweza kuziweka kwenye diski ya aina hiyo, lakini hazichezeki kutoka humo. Lazima ziwe ndani ya mashine yenyewe, au kwenye kadi ya kuhifadhia ya M.2 inayochomekwa katika tundu lake chini ya kifuniko. Mashine yangu ni ya zile za mwanzo: imeandikwa gigabaiti 825, ukiiwasha unakuta za kutumia ni 667, na gemu za mpira zimeshakula sehemu yake. Hapa ndipo ninapokuhitaji. Nitafutie huko Mombasa M.2 ya terabaiti 1 yenye bati lake la kupunguza joto. Mwambie muuzaji iwe Gen4, yaani kizazi cha nne, kwa sababu Gen3 PS5 haiikubali. Ukiipata nitakutumia pesa siku hiyohiyo.

Mtandao nimeufikiria sana. Red Dead Redemption 2, ya kampuni hiyohiyo, 2018, ilipita gigabaiti 100, na hii sidhani itakuwa ndogo kuliko hiyo. Kwa laini ya megabiti 10 kwa sekunde, gigabaiti 100 ni saa 22, tena isikatike hata mara moja. Nimezungumza na jirani mwenye nyumba ya wageni, amekubali nitumie waifai yake usiku watu wakishalala, nami nimtengenezee paa la makuti upande mmoja. Hata tukipata CD, apdeti hazikwepeki.

Stima nayo. Ikikatika katikati ya apdeti, unaanza kuomba dua. Nimepata betri ya ampea 100, volti 12, na inveta. PS5 ikicheza gemu nzito inakula wati 200 hivi, televisheni yangu 80, na betri nisiimalize zaidi ya nusu ili isife mapema. Hesabu yake ni kama saa mbili. Saa mbili zinatosha kuhifadhi tulipofika na kuzima kwa heshima, au stima kurudi.

Lakini adui mkubwa wa mashine hapa ni chumvi. Wiki iliyopita PS4 moja ilianza kutoa picha yenye mistari. Nikaifungua mezani, nikamulika kwa simu: pini za HDMI, pale panapochomekwa waya wa televisheni, zimegeuka kijani, kama sufuria ya shaba iliyosahauliwa uani. Nilikaa nazo kutoka isha hadi saa tano, mswaki wa mtoto na spiriti, pini moja moja, nikipuliza, nikifuta kwa kitambaa cha kanzu kuukuu. Ikarudi. Sasa PS5 nimeiweka chumba cha ndani, mbali na dirisha la baharini, nimeifunika kwa leso ya mke wangu, na kando yake kuna bakuli la vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu. Duka zima la viatu linanijua. Kila jioni naifunua, naiwasha nusu saa ipate joto, naizima.

Kuna jambo la siku. Alhamisi magharibi ikiingia, kwetu ni Ijumaa, na nyumbani tunasoma Yasin kwa ajili ya marehemu. Vijana wanataka nifungue banda usiku uleule. Nimekataa. Tutafungua Ijumaa, watu wakishatoka msikitini na kula. Waliosubiri tangu 2013 hawatashindwa na usiku mmoja.

Na hapa nakuja kwenye lililo zito. Mdogo wako ana miaka kumi na tatu, na kila siku akitoka madrasa yuko mlangoni kwangu akiniuliza zimebaki siku ngapi. Sitamwingiza. GTA V huko Ulaya iliwekewa alama ya miaka 18, na kwa niliyoyaona kwenye trela hizi hii haitakuwa ya watoto. Sisi tulicheza tukiwa wadogo kuliko yeye, na hatukukatazwa kwa kuwa hakuna mtu mzima aliyejua kilichomo kwenye ile televisheni. Mimi najua. Mamako aliniuliza jana, kwa upole wake, "Mwanangu, hiyo mnayongojea ni nzuri?" Nikamjibu kweli: imetengenezwa kwa ustadi mkubwa, na si ya mtoto. Akanyamaza, akanikatia mkate. Kwa hivyo nimeamua: mchana banda ni mpira na mbio za magari, GTA ni baada ya isha, kwa watu wazima, mlango umefungwa. Nitapoteza pesa, kwa sababu watoto ndio wanaojaza banda saa za mchana. Nimekubali. Nakuomba umpigie mdogo wako umweleze wewe, maana kwangu mimi amenuna siku tatu. Mwambie nimemwekea pedi yake mwenyewe ya mpira, na kwamba akifika umri nitamwanzishia mimi mwenyewe.

Omba likizo mapema, usingoje Oktoba. Panda basi la mapema, Jumatano tarehe 18 uwe Mokowe kabla ya jua kuzama. Nitakungoja kwenye gati na boti ya baba, usipande ya abiria. Kadi ya M.2 iweke kwenye mfuko wa mwilini, usiitie kwenye begi la juu ya gari. Alhamisi asubuhi tutaichomeka pamoja, tutakuwa na mchana mzima wa kurekebisha kama kitu kimekataa. Usiku utaketi na sisi kwenye Yasin. Ijumaa baada ya chakula tutafunga mlango, sisi wawili kwanza, saa moja kabla ya wengine. Nimewaambia, na wameridhia. Pedi ya kwanza utashika wewe, mimi nitatazama, kama pale nyuma ya duka la nazi.

Ile kadi ya megabaiti 8 nimemuuliza mamako, anasema nyumbani haipo. Basi iko kwako. Njoo nayo. Kwenye PS5 haina pa kuingia, nataka tu iwe mezani.

Nisalimie shemeji na watoto. Baba anakusalimu, anasema ukija umletee ndoana namba saba, za hapa zinapinda.

Wassalaam,
Nduguyo Omari