Udeisti si kumkana Mungu

Ndugu Mhariri,

Makala yenu ya Jumapili iliyopita kuhusu fikra zilizoizaa Marekani ilimwita Thomas Paine, mwandishi aliyetetea mapinduzi ya huko, mkana Mungu, na udeisti, yaani imani kwamba Muumba hutambuliwa kwa akili, ikauita hatua ya kwanza ya kumkana Mungu. Nimelisoma gazeti hili tangu ujana wangu bila kuwaandikia hata mstari mmoja, lakini kosa hili siwezi kulinyamazia.

Kitabu alichokichapisha Paine mwaka 1794 kinaanza kwa ungamo: anaamini Mungu mmoja tu, na anatumaini furaha baada ya maisha haya. Alikiandika Paris wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa, makanisa yakifungwa, kwa hofu kwamba Wafaransa waliokuwa wakiwatimua makasisi wangetupa pamoja nao maadili na imani yenyewe. Alipokamatwa Desemba 1793, alimkabidhi rafiki yake muswada huo akiwa njiani kupelekwa gerezani. Huyo ndiye mliyemwandika kuwa mkana Mungu.

Udeisti unashikilia kwamba akili aliyojaliwa kila binadamu, ikiutazama mpangilio wa ulimwengu, inatosha kumtambua Muumba bila kungoja kitabu kilichofunuliwa wala muujiza. Edward Herbert wa Cherbury, ambaye wengi humhesabu kuwa baba wa udeisti wa Uingereza, aliandika mwaka 1624 kwamba akili inatufikisha kwenye mambo matano: Mungu yupo, anastahili kuabudiwa, ibada iliyo bora ni kutenda wema, dhambi zinadai toba, na malipo yapo, hapa duniani na akhera. Ni mkana Mungu gani anayehimiza toba na kungojea malipo ya akhera? Mimi ni Mkristo, naamini ufunuo, na aliyoyaandika Paine kuhusu Biblia siyakubali. Lakini ninapobishana na mtu, namjibu kwa alichokisema.

Uandishi wa namna hii una madhara, nami nimeyaonja. Niliwahi kualikwa na shule moja ya sekondari kuzungumza na wanafunzi wa kidato cha tano kuhusu Mapinduzi ya Ufaransa. Nilipofika kwa Voltaire, mwanafalsafa mdeisti wa Ufaransa, nikawaeleza kwamba mkosoaji huyo mkali wa Kanisa alijenga kanisa huko Ferney na kuandika juu ya mlango wake kuwa amelijenga kwa ajili ya Mungu, mwalimu mmoja alisimama akanikatiza, akisema ninawafundisha watoto ukafiri. Baadaye wazazi waliitwa kikaoni, mimi sikuitwa, na mzazi mmoja alinieleza kwamba ushahidi uliosomwa pale ulikuwa kipande cha gazeti kinachowaweka wadeisti na wakana Mungu katika kapu moja. Inaniuma zaidi kwamba vijana hao hao hukaririshwa sababu za mapinduzi ya Marekani ya 1776 na ya Ufaransa ya 1789, wakazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, bila kuambiwa watu wale waliamini nini kuhusu Mungu, ilhali Tamko la Uhuru la Marekani lenyewe linamtaja Muumba kuwa ndiye aliyewapa binadamu haki zao. Historia inayofundishwa hivyo inamwacha mwanafunzi bila kinga mbele ya kila mwenye sauti kubwa.

Ninaomba masahihisho yachapishwe Jumapili ijayo katika ukurasa uleule na kwa herufi zenye ukubwa uleule, yakiwa na mambo matano ya Herbert yote na ungamo la Paine, ili walimu waweze kuyakata na kuyabandika ubaoni kabla ya mitihani ya muhula.

Mwalimu mstaafu,
Morogoro