Kasi ya kupakia nayo iandikwe kwenye karatasi ya bei

Kwa Mhariri,

Binti wa kaka yangu ni kiziwi. Anasomea uhasibu katika chuo kimoja hapa Mombasa, na tangu Januari anaishi Tudor, kwenye nyumba ya wasichana sita wenye ulemavu walio na mlezi wa kuwasaidia. Mimi shangazi yake nashona madera Kongowea, na ndimi niliyeachiwa kazi ya kumtafutia intaneti.

Nilidhani ni suala la bei tu. Tulianza na bando la simu. Somo moja la saa nzima kwa video lilikula karibu GB 1, na masomo ya namna hiyo ni matatu kwa wiki. Tukaliacha.

Akaja wakala wa faiba na karatasi yake: megabiti 10 kwa sekunde, filamu hazikwami. Nikamwuliza, na mtoto akiwa ndiye anayetuma picha? Hakuwa na jibu. Ile 10 ilikuwa kasi ya kupakua, yaani ya kupokea. Ya kupakia, yaani ya kutuma, haikuandikwa popote, na tulipoipima jioni baada ya kuunganishwa haikufika hata megabiti 1.

Anayesikia hawezi kuliona tatizo hili haraka, maana sauti hupenya hata mtandao ukiwa dhaifu. Kiziwi husema kwa mikono, kwa hivyo kila neno lake ni video inayotoka. Picha ikianza kuganda, vidole vinakuwa ukungu mtupu, na mkalimani wa upande wa pili anamwomba arudie, kisha arudie tena. Nimemwona akizima simu katikati ya somo, machozi yanamlengalenga.

Megabiti zenyewe hazikosekani. SEACOM na TEAMS, nyaya za chini ya bahari, zilitua ufuoni kwetu mwaka 2009, na EASSy ikafuata 2010.

Lakini lililoniuma zaidi lilikuwa ndani ya nyumba. Ruta, kile kifaa cha kusambaza Wi-Fi, iliwekwa ofisini kwa mlezi. Kuta ni za mawe, nene, na mtandao uliishia sebuleni. Basi binti yetu akitaka kuongea na mamake aliye Lamu, ilimbidi akae sebuleni mbele ya wenzake watano, na wote wanaijua lugha ya ishara. Sisi tunaweza kushusha sauti. Yeye angeshusha nini? Kwa majuma mawili alimwambia mamake kuwa yu salama, kumbe alikuwa na homa na hakutaka nyumba nzima ijue.

Mlezi ni mama mwema, na nilipomweleza alishtuka. Tukamwita fundi, akavuta waya kutoka ofisini hadi kwenye korido ya vyumba na kufunga kifaa cha pili cha Wi-Fi. Alitoza Sh2,500 pamoja na waya. Sasa binti yetu anaongea na mamake akiwa chumbani, mlango umefungwa. Kasi ya kupakia bado ni ile ile.

Naiomba Mamlaka ya Mawasiliano izitake kampuni ziandike kasi zote mbili, kwa herufi za ukubwa mmoja. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia lugha ya ishara, na siku hizi lugha hiyo hupita kwenye waya. Wasimamizi wa nyumba kama hizi nao wamwulize mwanafunzi kabla ya kutia saini, maana mahitaji ya asiyeona si ya asiyesikia.

Mkataba wa intaneti wa nyumba ile unaisha mwezi ujao. Nimemwomba mlezi kwamba siku wakala atakapokuja, binti yetu awe mezani pamoja na mkalimani, na maswali aanze yeye.

Shangazi wa mwanafunzi,
Kongowea, Mombasa