Wifi, Kaka Yako Hakufungwa na Mkewe

Wifi yangu,

Assalaam alaykum. Naandika hapa mbele za watu kwa sababu namba yangu umeifungia, na kaka yako kila akipata ujumbe wako huniletea simu jikoni na kuniuliza akujibu nini. Mambo ya ndoa yako, na hilo la mumeo kutorudi nyumbani siku zile za kura, unamwandikia yeye, naye anayaleta kwangu. Kwa hiyo jibu ni langu, ulitake usilitake. Najua utalisoma. Wa nyumbani wameshaniambia kwamba hukosi kusoma ninachoandika.

Kwanza habari zake, maana ndizo unazozisubiri. Ni mzima. Kifua kinamsumbua kidogo kama ilivyo kawaida yake baridi inapoanza. Saa zilirudishwa nyuma Jumapili ya tarehe 26 Oktoba 2025, na tangu siku hiyo Maghrib huku Leicester, Uingereza, inaingia kabla ya saa kumi na moja jioni. Majani ya mti ulio mbele ya nyumba yameanguka yote, yanalowa mvua na kuteleza, na kaka yako akitoka zamu ya usiku ghalani hafiki kitandani kabla hajayafagia kwenye ngazi, asije akateleza mtu. Mtu huyo ni mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayetoka saa hiyo kwenda kazini, kwa wazee ninaowahudumia. Hatuelezani. Anafagia, mimi napita. Chai yake nimeiacha kwenye chupa, na chakula cha jioni nitakikuta amekipika.

Tunagombana pia, nisikufiche. Majira haya tunagombania joto la nyumba. Bei ya ukomo ya gesi na umeme ilipanda tena Oktoba kwa asilimia 2, na kaka yako anazima kipasha joto kila akipita, mimi nawasha. Anasema tuvae sweta. Namwambia sikuja kuvaa sweta kitandani. Ndoa yetu ina mengi ya namna hiyo, madogo, ya kila siku, na wewe hujawahi kuyauliza. Wewe ulishaamua zamani ndoa hii ni ya namna gani.

Nije kwenye siku zile.

Jumatano ile ya kura, tarehe 29 Oktoba, ujumbe aliokuandikia asubuhi ulibaki na tiki moja. Tulidhani ni simu yako. Mpaka jioni tukajua ni nchi nzima, mtandao umezimwa, Dar es Salaam watu wameambiwa wasitoke nje kuanzia saa kumi na mbili, na Kimara, huko huko kwako, barabara ya Morogoro inawaka moto. Kaka yako hakuwa na matumaini na uchaguzi ule tangu mwanzo, chama kikuu cha upinzani kikiwa nje na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, akiwa ndani kwa kesi ya uhaini tangu Aprili. Lakini hakuna kati yetu aliyefikiria habari ya maiti. Unamjua kaka yako, haongei. Akakaa kwenye ngazi na koti la kazi mwilini, simu mkononi, akipiga namba yako ya kawaida. Ikiita inakatika, au haiiti kabisa.

Na hapa kwetu ilikuwa msimu wa fataki. Leicester wanaanza na Diwali, ambayo mwaka huu ilikuwa tarehe 20 Oktoba, na hawaachi mpaka tarehe 5 Novemba, Waingereza wanapokumbuka watu waliotaka kulipua Bunge mwaka 1605. Kwa siku zote hizo kila giza likiingia ni milio. Kila mlio kaka yako alikuwa anasimama. Nilimwambia, mume wangu, ni fataki hizo. Ananiambia najua. Na mlio mwingine ukilia, anasimama tena.

Kazini kwangu yuko bibi mmoja wa Kigujarati, mzaliwa wa Tanga. Mji huu una wengi wa namna yake, waliotoka Kenya na Tanzania, na waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972, wakaja hapa ingawa halmashauri ya mji ilikuwa imetangaza gazetini kule Uganda kwamba wasije. Akili yake siku hizi inakuja na kuondoka, Kiingereza kimempotea, lakini Kiswahili kipo. Alhamisi ile nikiwa namvisha soksi akanishika mkono, "Mama, nyumbani kuna salama?" Sijui aliona nini usoni kwangu. Nilimjibu kuna salama, bibi, nikaenda chooni nikalia, na niliyekuwa namlilia ni wewe, wifi. Lijue hilo, hata kama utaniona mnafiki.

Maana aliyekutafuta ni mimi. Kaka yako alikuwa anapiga namba ile ile moja. Mimi nilimpigia jirani yako wa zamani wa Magomeni, nikampigia mshonaji wako, nikampigia yule bwana wa duka la dawa, mpaka Jumamosi, siku walipotangaza ushindi wa karibu asilimia 98, simu ya mshonaji ikashika, akasema amekuona jana yake umebeba unga na mtoto mgongoni. Nilimwamsha kaka yako kumwambia. Alisujudu hapo hapo kwenye zulia.

Jumatatu tarehe 3, Rais akaapishwa Dodoma na mtandao ukaanza kurudi. Ujumbe wako ukaingia, kwa kaka yako: "Tupo wazima. Msitume picha wala video." Ufupi wake nauelewa. Nanyi mlikuwa mmeshaletewa ujumbe wa onyo kwenye simu kuhusu kusambaza picha za taharuki, na mtu mwenye watoto hachezi na jambo kama hilo. Ila "msalimie wifi" ni maneno mawili tu, na niliyangoja.

Sasa mumeo. Unasema alitoka Jumatano asubuhi kwenda Kariakoo, akarudi Ijumaa mchana na shati si lake. Anasema amri ya kutotoka nje ilimkuta Manzese, akalala kwenye gereji kwa watu asiowajua, kesho yake akashindwa kupita. Unasema maelezo yake hayakamiliki, shati lile hajui jina la aliyempa, na ukimuuliza alichokiona njiani anageukia ukutani. Unamuuliza kaka yako kama hapo pana mwanamke, na kama urudi Muheza.

Wifi, mwamini. Nakuambia kama mwanamke aliyeishi na mwanaume asiyeongea. Siku zile watu walipita juu ya mambo ambayo hayasimuliki mezani, hata tume imetangazwa bungeni ili kuyachunguza, na wewe unataka mumeo awe ameshayapanga yote kichwani akusomee kama risala. Mpe chakula. Usimpekue simu. Usiwaite wazee sasa hivi, wakija watamuuliza mbele za watu na atasema uongo ili yaishe, na uongo huo ndio utakaokaa nao. Mtu kazuiwa na bunduki barabarani. Hakuzuiwa na mwanamke.

Unaisikia sentensi hiyo? Mimi niliingoja kutoka kwako tangu mwaka jana.

Mama alipofariki, ile Ramadhani, alifariki alfajiri na akazikwa Muheza baada ya Alasiri. Hata kama kaka yako angepanda ndege saa ile ile alipopokea simu, kaburi lingekuwa limeshafukiwa. Ila hakupanda, na hakupanda kwa sababu maombi yake ya ukaazi yalikuwa hayajajibiwa, na sheria ya hapa iko wazi: ukitoka nchini maombi yakiwa bado yanashughulikiwa, inahesabika umeyaondoa mwenyewe. Miaka yote ya kazi, ada, mawakili, vinakwenda. Na mlangoni hapa asingerudi. Alikaa na karatasi zile mbele yake toka alfajiri mpaka adhuhuri bila kugusa kitu, akasema, "Siendi." Sikumwambia aende, sikumwambia asiende. Mbele ya Mungu, sikusema neno.

Siku ya tatu mkapiga simu ya video. Kwenu mmeshafuturu, huku bado tumefunga. Kaka yako alikuwa anaswali Alasiri sebuleni, nikaipokea mimi, nikakuambia subiri anaswali. Ukaiweka simu juu ya kitu, sijui kabati, ukadhani imekatika au ulijua haijakatika, hilo ni lako na Mola wako. Niliwaona mashangazi zako wote watatu mkekani. Niliona ile kanga ya mama ya zambarau mabegani kwako. Shangazi mkubwa akauliza, huyu mtoto ndiyo haji hata hitma? Ukasema: "Sisi tumefiwa mara mbili. Mama tumemzika juzi, kaka tulishamzika siku alipooa." Shangazi mdogo akadakia kwamba watu wa Pangani wanajulikana kwa kumfunga mume kwa dawa. Na wewe ukacheka, wifi. Msiba una siku tatu, ukacheka.

Kaka yako akatoa salamu kulia na kushoto, akaja, akanikuta nimeshika simu. Nikamwambia mtandao mbaya, umekatika. Mpaka leo ndicho anachokijua. Nilimfutia, kwa sababu angelisikia neno lile asingelisahau, na dada anaye mmoja tu. Sasa nimelisema hapa. Hasomi ninayoandika, huniambia nimsimulie tu. Lakini akilisoma na alisome, nimelibeba vya kutosha.

Na kwa kuwa tumefika hapa, niseme yote. Sanda ya mama, mchele na ng'ombe wa hitma, fedha ile ilitoka kwenye zamu zangu za usiku. Sikuitangaza kwa sababu kaka yako aliituma kwa jina lake, na hivyo ndivyo nilivyotaka, ili mashangazi waone mtoto wa kiume ametimiza. Nani alikuwa anamwamsha daku wiki ile asiyetaka kula? Nani alikaa naye arobaini nzima akisoma Yasin na kukatia katikati? Wewe ulikuwa na mkeka uliojaa watu. Yeye alikuwa na mimi peke yangu kwenye nyumba ya kupanga, na jirani zetu wa hapa hawakujua kwamba kuna msiba. Mwanamke aliyemfunga mume asingefanya hayo. Au labda angefanya, sijui wanaofunga wanafanyaje, mimi sijawahi.

Nakupenda, na hilo ndilo linaloniudhi. Wewe ndiye uliyenisuka siku ya kuolewa, ukanisimamia nisitoke na njaa, ukanipenyezea maandazi chini ya mtandio. Nilipoolewa nilidhani nimepata dada. Wiki ile ya fataki niligundua bado nadhani hivyo, maana nilivyokutafuta sivyo mtu anavyomtafuta wifi tu.

Majibu ya ukaazi yalitoka Julai. Tiketi nimezikata mimi, tunakuja Desemba Mungu akipenda. Sherehe za Uhuru za tarehe 9 Serikali imeshazifuta na watu hapa wanatuambia tusubiri, lakini kaka yako anataka kulisimamia kaburi la mama yake, na safari hii nimetia neno langu: nimemwambia twende. Mumeo tutamkuta nyumbani kwake, na wewe tukukute hapo hapo Kimara, usirudi Muheza kwa sababu ya shati.

Halafu Muheza tutakwenda pamoja, gari moja. Tukishatoka makaburini nataka mashangazi wote watatu wawepo, na lile neno ulilolisema mbele yao ulifute mbele yao, kaka yako akiwa amekaa. Si lazima uniombe radhi mimi. Waambie tu kilichomzuia. Kula na malazi usihangaike, tutajitegemea, na dawa ya presha ya shangazi mkubwa nimeshaitia begini.