Barua ya malalamiko: mikro za gitaa langu na maneno niliyoambiwa kwenye kaunta yenu

Lubumbashi, Kamalondo

Kwa Bwana Meneja wa duka na karakana ya vyombo vya muziki,

Nakusalimia kwa heshima, pamoja na wafanyakazi wako, hasa wale wachache wanaojua kuitikia salamu.

Fakture ya kunifungia mikro mpya kwenye gitaa langu, yaani vile vifaa vya chini ya nyuzi vinavyonasa sauti, mnayo. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, kwani mmeyabandika wenyewe ukutani nyuma ya kaunta: kazi isiyomridhisha mteja hurudiwa bila malipo. Sina haja ya kuwasomea. Ninaandika kwa sababu nimekuja kwa miguu yangu mara nne, na mara zote nne nimerudi Kamalondo na gitaa begani, bovu kuliko lilivyotoka nyumbani siku ya kwanza.

Nianze na ya Jumanne, maana ndiyo inayoninyima usingizi. Niliweka gitaa juu ya kaunta nikasema kwa upole, "Fundi, mikro zinakoroma, na sauti imekuwa nyembamba kama ya karedio." Fundi wenu mkuu hakuligusa. Alinitazama nywele, halafu akasema mbele ya watu wote: "Papa, gitaa ni zima. Masikio yako ndiyo yamezeeka." Watu wakacheka. Akachukua kikombe chake cha chai, akaingia ndani.

Masikio haya, Bwana Meneja, yalikuwa yanatega nyuzi kabla fundi huyo hajazaliwa. Hapa ni Katanga, nchi ya Mwenda Jean-Bosco, yule mpiga gitaa mashuhuri. Hapa hata muuza karanga akipita karibu na mazoezi yetu anakwambia uzi wa pili umeshuka.

Jumatano usiku umeme uliporudi nililifungua mwenyewe. Mikro nilizowaletea ni za kampuni ya DiMarzio, za bobini mbilimbili, yaani kila moja ina mizunguko miwili ya waya, nilizoletewa na shemeji yangu kutoka Brussels. Kila moja ina nyaya nne za rangi na waya mmoja mtupu. Karatasi ya maelezo ilikuwemo ndani ya boksi, na mlinirudishia boksi na karatasi ikiwa bado imekunjwa ilivyotoka kiwandani. Kwa mikro hizo, waya mwekundu ndio unaobeba sauti. Wa kijani unakwenda kwenye masi, yaani ardhi ya umeme, pamoja na ule mtupu. Mweusi na mweupe huunganishwa zenyewe kwa zenyewe na kufungwa kwa utepe. Fundi wenu ameufanya mweusi ubebe sauti, akaunganisha mwekundu na mweupe. Huo ni mpango wa rangi wa Seymour Duncan, kampuni nyingine kabisa! Ni kama kupika bukari kwa maelekezo ya wali.

Na matokeo yake si madogo. Kwa kuunganisha hivyo, bobini moja imegeuzwa kichwa chini miguu juu. Sauti ya nyuzi inayotoka kwenye bobini mbili inafutana, ndiyo maana imekuwa nyembamba. Na ule mkoromo ambao bobini ya pili iliwekwa ili kuuzima, sasa unajumlishwa. Seth Lover wa Gibson aliombea hataza ya mikro ya namna hii mwaka 1955, kazi yake kubwa ikiwa kuua mkoromo. Karakana yenu imeifanya ikorome maradufu, na mimi nimelipia.

Msiniambie kwamba mlipima. Nilikuwepo. Aliweka multimeta, ikaonyesha kama kilo-om nane, akaniambia, "Ona papa, nane, iko sawa." Hiyo nane ni ukinzani wa waya. Bobini ukiigeuza au usipoigeuza, ukinzani ni uleule. Kipimo hicho hakiwezi kumwambia waya umeanzia upande gani. Ampli, kile kipaza sauti cha gitaa, ingemwambia. Ampli ya kujaribia iko hatua mbili kutoka kaunta, ina vumbi juu yake, nililiona.

Kuna mengine ndani humo. Waya wa masi unaotoka chini ya daraja la nyuzi kwenda mgongoni mwa potensiometa, kile kirungu cha kupandisha na kushusha sauti, umeachwa ukining'inia, haukulehemiwa kabisa, ndiyo sababu hata nikishika nyuzi kelele hazipungui. Kwenye selekta, swichi ya kuchagua mikro, risasi ya kulehemia imeganda kijivu, imekaa juu ya waya bila kuushika. Niliutikisa kwa kucha ukachomoka. Na potensiometa! Fakture inasema nne, za kilo-om 500, na ndizo zinazofaa mikro za bobini mbili. Nimezigeuza: mgongoni zimeandikwa 250, zote nne. Za 250 kawaida ni za mikro ya bobini moja. Ukiziweka hapa zinakula sauti za juu. Sisemi neno wizi. Nasema fakture ina 500 na gitaa lina 250.

Nimesahau kusema kwamba kabla ya Jumanne hiyo kulikuwa na harusi ya Katuba, Jumamosi. Mlikuwa mmeahidi siku tatu, mkachukua wiki tano, nikalitoa gitaa Ijumaa jioni mkifunga mlango, sikupata hata nafasi ya kulijaribu. Nyimbo za mwanzo nilivumilia. Tulipoingia kwenye sebene, ile sehemu ya kuchezesha watu ambapo gitaa la solo ndilo linalowabeba, kukatoka mngurumo kama wa kinu cha mahindi. Bwana harusi aligeuka. Kiongozi wetu akanionyesha kwa kidole: shusha. Nikashusha hadi nikawa nachezea kidole tupu, na kijana wa akompanyema, gitaa la kusindikiza, akashika solo yangu. Mwisho wa usiku nikakatwa dola 30. Hayo ndiyo niliyokuja nayo moyoni Jumanne, na bado niliingia nikisema "fundi" kwa upole.

Kwa hiyo nairudia ile Jumanne, kwa sababu pale juu sikueleza yote. Kabla ya kusema neno lake, aliniuliza umri. Nikadhani anataka mazungumzo, nikamjibu: hamsini na nane. Akawageukia wateja, walikuwa watano au sita, akajigonga sikio kwa mpini wa bisibisi, na ndipo akasema: "Papa, gitaa ni zima. Masikio yako ndiyo yamezeeka." Mama anayepokea pesa alicheka hadi akajifuta machozi kwa kitambaa cha kichwani. Nilikuwa na kijana ninayemfundisha, ana miaka kumi na sita, ndiye aliyenibebea begi. Alitazama sakafu. Na mimi, Bwana Meneja, kwa mazoea ya malezi niliyolelewa, nilisema "asante, fundi," nikafunga zipu ya begi, nikatoka. Ile asante inanichoma hadi leo. Naomba mwirudishe.

Nilipokuwa nakuja Jumanne nilikuwa nataka kitu kimoja tu: waya zipangwe upya. Dakika arobaini za kazi kwa mtu anayejua kusoma. Leo hayo hayatoshi.

Nataka mikro zote mbili ziunganishwe kwa rangi zake, masi ilehemiwe, potensiometa za 500 ziwekwe, na kazi ifanywe na fundi mwingine, mimi nikiwa nimekaa pembeni. Nataka pia mikro yangu ya zamani. Mlitoa mbili, mkanirudishia moja kwenye mfuko wa plastiki. Ya pili haikuota mabawa. Nilipoanza barua hii nilikuwa tayari kuwaachia pesa ya kazi. Nikiisoma tena naona sina sababu. Nataka dola zangu 80 zote, avansi na salio, na zile 30 za Katuba juu yake. Na fundi mkuu ataniomba radhi pale pale kwenye kaunta, kwa sauti ile ile aliyonitukania, kijana wangu akiwepo.

Msiponijibu kabla ya Ijumaa, nitaipeleka fakture pamoja na picha za ndani ya gitaa kwenye Mahakama ya Biashara hapa hapa mjini. Najua mahakama ni ndefu. Ndiyo maana nitaanza na njia fupi: wanamuziki wa mitaa ya hapa mjini, Kamalondo, Kenya na Katuba, tunajuana, na picha ya potensiometa yenye namba 250 ikiwa kando ya fakture yenye namba 500 haihitaji maelezo. Sijaituma bado. Iko kwenye simu.

Ijumaa saa nne asubuhi nitakuwa mlangoni. Ampli nakuja nayo mwenyewe, ninyi niandalieni priza tu. Nitachomeka gitaa kama lilivyo, nitafungua sauti mpaka mwisho, na wateja wenu watasikiliza kwa masikio yao ambayo hayajazeeka. Umeme ukiwa umekatika, nitakaa kwenye benchi lenu hadi urudi.

Kwa heshima,
Mwenye gitaa jekundu