Barua ya malalamiko: klipu zenu zimekata mpira wa rejeta yangu

Meneja wa Karakana,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: KUFUNGIWA KLIPU ZISIZOFAA KWENYE MIPIRA YA REJETA

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mwezi uliopita nililetea karakana yenu Noah yangu, mpira wa juu wa rejeta ukiwa umevimba na kulainika. Mlibadilisha wa juu na wa chini, nikalipa, nikapewa risiti. Mpaka hapo sina neno. Ugomvi wangu ni klipu, vile vibano vinavyoushika mpira kwenye shingo ya rejeta. Gari ilikuwa na klipu zake za springi, zile za kubana kwa plaizi, zote nne nzima. Fundi wenu alizitupa kwenye pipa akisema ni za kizamani, akafunga za skrubu zenye ukanda wa matundu.

Siku ya tatu asubuhi nikakuta matone ya pinki sakafuni. Injini ikiwa ya moto, pakavu. Ikilala usiku, inadondosha. Nikarudi kwenu. Fundi hakuuliza kitu, akachukua bisibisi akakaza. Wiki iliyofuata nikarudi tena, akakaza tena, safari hii kwa spana na kwa hasira.

Angeuliza tu inavuja saa ngapi, angepata jibu. Mpira ukipata moto unatanuka, ukipoa unanywea. Klipu ya springi inaufuata kwenda na kurudi. Ya skrubu inabaki palepale bisibisi ilipoiacha, basi asubuhi maji yanapata upenyo. Na ukiikaza kupita kiasi, yale matundu yanauma mpira.

Kisha nikasafiri na familia kwenda Iringa. Nilikuwa nimeshapita Ruaha Mbuyuni, napandisha mlima Kitonga nyuma ya lori la mzigo, mshale wa joto ukapanda hadi mwisho na mvuke ukafuka mbele. Nikazima, tukaweka mawe kwenye matairi, watoto wakakaa ukingoni mwa barabara. Utingo mmoja, Mungu ambariki, alitupatia dumu la maji na ukanda wa tyubu wa kufungia. Tulingoja zaidi ya saa nzima ndipo tukathubutu kugusa mfuniko wa rejeta, umeandikwa 1.1, yaani kipimo cha presha, na maji ya moto yenye presha hiyo hayana undugu na mtu.

Fundi wa Iringa alipovua mpira, alinionyesha ulivyoliwa kuzunguka kama gunzi lililoguguniwa na panya. Shingo ya rejeta, ambayo ni plastiki, ilikuwa na ufa mwembamba kama unywele kwa ajili ya kule kukaza. Klipu ya chini nayo ilikuwa kubwa mno, mkia wa ukanda unaning'inia, duara limekuwa yai, tena imekaa juu kabisa ya tuta la shingo, ule mwinuko unaozuia mpira kuchomoka, badala ya nyuma yake. Yeye alivisha kwanza mpira mpya, akaupima unene kwa nje, ndipo akatafuta klipu za springi za kipimo hicho, akazisogeza nyuma ya tuta. Tangu siku hiyo sakafu yangu ni kavu.

Nilipowapigia simu mlisema nilizidisha mzigo. Nilikuwa na mke wangu, watoto wawili na ndoo ya dagaa. Kitonga haikuwekwa pale wiki iliyopita, na karibu kila gari inayokwenda Iringa kutoka huko kwenu inaupanda mlima huo.

Naomba mnirudishie gharama ya ufundi, pamoja na bei ya mpira wa juu na ya rejeta niliyolazimika kununua. Risiti, picha na klipu yenyewe nimeambatisha. Nisipopata jibu ndani ya siku 14, nitawasilisha malalamiko haya Tume ya Ushindani.

Na zile klipu zangu nne, kama pipa halijamwagwa, nazitaka.

Wenu,
Mteja mwenye Noah ya bluu